Je, Kenya ilipigwa vita kupitia mtandao? Jibu kwa mwenye saiba wa Mombasa

SWALI: "Nina saiba ndogo Mombasa. Kazi yangu kubwa ni kuwajazia watu fomu za serikali: pasipoti, leseni za udereva, vyeti vya mwenendo mwema, tikiti za treni. Julai 2023 huduma hizo zilizimika kwa siku kadhaa, na Mei 2024 intaneti yenyewe ikawa ya kusuasua. Mpaka leo wateja wangu wanabishana. Mmoja anasema Sudan ilitupiga vita. Mwingine anasema ni Warusi waliojificha nyuma ya jina la Sudan. Mwanangu anasoma uhusiano wa kimataifa chuoni, naye anashikilia kwamba nchi ikishambuliwa kwa mtandao ina haki kisheria kujibu kwa silaha. Nani mkweli? Nchi zinaweza kweli kupigana kwa kompyuta? Na mimi mwenye kompyuta sita na folda iliyojaa vitambulisho vya watu, niogope nini?"

JIBU: Dada yangu, wanachobishania wateja wako ndicho wanachobishania mabalozi na wanasheria wao, kwa hiyo usiwaone wapiga porojo. Umeniletea mambo matatu katika furushi moja: nini kilitokea, nani alifanya, na kitendo chenyewe kiitwe nini mbele ya sheria. Nitayafungua moja moja, maana fujo huanza pale mtu anapojibu la tatu kabla hajalijua la pili. Na chini ya maswali yako nasikia hofu moja, kwamba kuna mkubwa fulani aliye mbali, humwoni, naye anaweza kukufungia duka siku yoyote atakayo. Hofu hiyo ina msingi wake, na nitakuonyesha ulipo.

Niiondoe kwanza Mei 2024, kwa sababu hapo hatukushambuliwa na mtu. Tarehe 12 Mei mikongo miwili ya baharini, yaani nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini. Kenya ina mikongo mingine inayotua hapo hapo Mombasa, ukiwemo TEAMS unaokwenda Fujairah katika Falme za Kiarabu, ndiyo maana kwako intaneti ilijikokota badala ya kufa. Jirani zetu wa Tanzania waliumia zaidi. Mikongo hukatika mara kwa mara duniani kote, na sababu kubwa ni nanga za meli na nyavu za wavuvi, halafu mitikisiko ya sakafu ya bahari.

Hata hivyo siasa ilikuwamo, kwa mlango wa nyuma. Februari mwaka uleule Wahouthi wa Yemen, kundi lenye silaha lililokuwa likizipiga meli kwa madai ya kuwatetea watu wa Gaza, waliipiga kwa kombora meli ya mizigo iitwayo Rubymar. Mabaharia wakaihama, ikabaki inapeperuka na nanga ikiburura chini, na inaaminika kuwa nanga hiyo ndiyo iliyokata mikongo mitatu katika Bahari ya Shamu, Seacom ukiwa mmojawapo. Kuitengeneza kulichelewa mno, kwa kuwa meli ya mafundi ilihitaji kibali katika maji ambayo pande mbili za Yemen zinayagombania, na ilihitaji pia uhakika wa kutopigwa. Kwa hiyo kusini kulipokatika mwezi Mei, njia ya kaskazini ilikuwa tayari imejeruhiwa. Mteja wako alikwama kulipia leseni Mombasa, na sehemu ya sababu ilikuwa vita vya Gaza na Yemen ambavyo hakuwa akivifuatilia. Tunapenda kusema data zetu ziko hewani, kumbe karibu zote zinapita kwenye waya uliolazwa mchangani, katika njia nyembamba zilezile ambazo mataifa yamezigombea tangu enzi za merikebu.

Sasa tuje Julai 2023, iliyokuwa shambulio la kweli. Tarehe 27 Julai serikali ilithibitisha kwamba eCitizen, mlango wa huduma zaidi ya 5,000 za serikali, ulikuwa umeshambuliwa. Tikiti za treni, tokeni za stima na malipo ya simu vilisumbua wiki hiyo. Viza za mtandaoni zilipokwama, wageni ikabidi waahidiwe kupewa viza wakishafika uwanjani. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitokeza Telegram na kusema ndilo lililofanya, na kwamba Kenya inaadhibiwa kwa kuingilia mambo ya Sudan.

Watu wengi husema "walivunja wakaingia". Nataka uliache neno hilo, kwa sababu linakuogopesha mahali pasipofaa. Fikiria saiba yako tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za kodi KRA. Wenye shida wamepanga foleni mpaka barabarani. Halafu wanakuja watu 500 wasio na shida yoyote. Kila mmoja anaingia, anauliza bei ya kutoa kopi, anatoka, anazunguka, anaingia tena kuuliza lilelile. Hakuna aliyegusa droo yako ya pesa wala aliyefungua folda yako. Lakini hutamhudumia mteja hata mmoja, na ukifunga mlango ili uwazuie, umewafungia na wateja wako. Ndivyo seva, yaani kompyuta inayohudumia tovuti, inavyozidiwa. Imeumbwa kujibu kila ombi, na washambuliaji huikodia seva nyingine zenye nguvu, wakapitisha maombi yao kwenye mashine za watu wengine zilizoachwa wazi duniani, ili ionekane kama umati unatoka kila pembe. Waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, aliueleza umma hivyo hivyo: mfumo ulijazwa maombi kupita kiasi, na data hazikupotea. Kundi lenyewe lilijigamba kuwa limechota data za pasipoti, lakini majigambo hayo hayakuthibitishwa. Kukaba mlango na kuiba nyumbani ni makosa mawili tofauti, na anayeweza la kwanza si lazima aliweze la pili.

Basi nani? Hapa ndipo penye uzito wa jibu langu lote, kwa hiyo nivumilie.

Mteja wako wa kwanza ana sababu za kuishuku Sudan. Vita vya Khartoum vilikuwa vimeanza tarehe 15 Aprili 2023. IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, ilimpa Rais William Ruto uenyekiti wa nchi nne za kusaka suluhu, na jeshi la Sudan likamkataa, likisema anaegemea upande wa adui yake, Jenerali Hemedti, na vikosi vyake vya RSF. Mkutano wa Addis Ababa wa tarehe 10 Julai ujumbe wa jeshi uliususia. Kisha, siku chache tu kabla ya eCitizen kuzimika, ikasambaa video ya Jenerali Yasir al-Atta wa jeshi la Sudan akiitaka Kenya ilete jeshi lake na kuapa kwamba halitarudi. Ukiyapanga hivyo, jibu linaonekana limejileta lenyewe.

Mteja wa pili naye hakutunga. Kundi hilo lilitokea mwanzoni mwa 2023, likaanza na Sweden baada ya Kurani kuchomwa huko, likatangaza urafiki na kundi la wadukuzi wa Kirusi la Killnet, na likawa linaandika hata kwa Kirusi. Lilikuwa na uwezo wa kukodi seva ghali. Juni 2023 liliziyumbisha huduma za Microsoft. Kampuni za usalama za Ulaya zilichapisha uchambuzi wa kina kuonyesha kuwa jina la Sudan ni kinyago, na nyuma yake kuna mkono wa Urusi. Wataalamu wengi tuliuona uchambuzi huo kuwa wa maana, na magazeti yakaurudia mpaka ukawa kama jambo lililokwisha kuamuliwa.

Halafu tarehe 16 Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani wakafungua hati ya mashtaka mjini Los Angeles. Walioshtakiwa walikuwa ndugu wawili wa Kisudani, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa miaka 27. Wanadaiwa kuendesha mashambulizi zaidi ya 35,000 kwa muda wa mwaka mmoja hivi, na chombo chao cha kushambulia wakawa wanakikodisha kwa wengine wenye kulipa. Hospitali kubwa ya Los Angeles, Cedars-Sinai, ililazimika kwa saa kadhaa kuwapeleka wagonjwa wa dharura kwingine. Mashtaka ni mashtaka, na mshtakiwa hana hatia mpaka mahakama iseme. Lakini jambo moja nakuomba ulishike: katika hati ile Kremlin, yaani serikali ya Urusi, haikutajwa kuwa ndiyo iliyowatuma, wala serikali ya Sudan. Waliotajwa ni vijana wawili, wenye uchungu wa nchi yao na uwezo wa kukodi seva.

Sisemi kwamba nyuma yao hapana mtu kamwe. Nasema ushahidi uliowekwa mezani unaishia kwao. Ukiutazama mwenendo wao, nao unalingana na hilo. Februari 2024 walitangaza kuzishambulia kampuni za simu za Uganda, wakidai ni kwa sababu Hemedti alipokewa Entebbe. Chuki zao zilifuata siasa za Sudan kuliko siasa za Moscow. Kwa hiyo wateja wako wote wawili walikuwa na dalili, na wote wawili wakaruka kutoka kwenye dalili hadi kwenye hukumu. Sisi wataalamu tuliruka nao.

Fikiri kama Kenya ingeruka vilevile. Tuseme Nairobi ingemfukuza balozi wa Sudan, au tuseme ingeukemea ubalozi wa Urusi hadharani. Kwa lipi? Kwa kitendo ambacho mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye kingeonekana kuwa cha ndugu wawili. Kombora lina mahali liliporushwa, na rada huliona. Jeshi likivuka mpaka lina sare na lina kamanda. Mtandaoni alama unazozipata ni zile ambazo mshambuliaji angeweza kuziweka makusudi: lugha ya kuandikia, saa za kazi, anwani ya seva aliyoikodi nchi ya tatu. Mtu anaweza kuvaa kanzu ya mwingine. Na uamuzi wa kisiasa haungoji uchunguzi ukomae, kwa kuwa bunge linapiga kelele leo na magazeti yanataka jina la adui leo.

Ndipo naingia kwa mwanao. Mwambie ameshika sehemu ya kweli. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inatambua haki ya nchi kujilinda ikipatwa na shambulio la silaha, na nchi nyingi zinakubali kwamba tendo la kompyuta linaweza kufikia kiwango hicho. Tatizo ni neno "ikipatwa na shambulio la silaha". Kipimo kinachotumiwa na wanasheria wengi ni madhara. Je, watu wamekufa, mitambo imevunjika, hospitali imeungua? Kuzuiwa kukata tikiti ya treni kwa siku kadhaa ni dhulma na ni hasara, lakini hakufiki hapo. Kilichokaribia ni kile kirusi cha Stuxnet kilichogunduliwa mwaka 2010, ambacho kiliharibu mashine takriban 1,000 za kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Kinahusishwa na Marekani na Israel, na hakuna kati yao aliyekiri rasmi. Hata Iran haikwenda Baraza la Usalama kusema imeshambuliwa kwa silaha.

Kuna kizuizi cha pili ambacho wanafunzi husahau. Kundi likitenda, huwezi kuibebesha nchi lawama mpaka uonyeshe kuwa nchi hiyo ilikuwa inaliongoza. Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliweka kizingiti kirefu mwaka 1986 katika kesi ya Nicaragua dhidi ya Marekani, kwa kutaka nchi iwe na udhibiti wa kweli juu ya operesheni yenyewe. Huruma, kupiga makofi, hata kutoa msaada, havitoshi. Kauli ya jenerali kwenye video, hata iwe ya matusi kiasi gani, si amri kwa vijana wa Telegram.

Estonia ililijua hilo kwa maumivu. Aprili 2007 serikali ilihamisha sanamu ya askari wa Kisovieti kutoka katikati ya Tallinn, na kwa wiki kadhaa benki, magazeti na ofisi za serikali zikazidiwa kama eCitizen ilivyozidiwa. Kila mtu aliinyooshea Urusi kidole, na Urusi ikakana. Mwisho wa yote, aliyetiwa hatiani alikuwa mwanafunzi mmoja, raia wa Estonia mwenye asili ya Kirusi, akatozwa faini. NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi ambao Estonia ni mwanachama, haikutangaza kuwa mwanachama wake ameshambuliwa. Badala yake mwaka uliofuata kilifunguliwa mjini Tallinn kituo cha kusomea ulinzi wa mtandao, na mwongozo wa sheria za kimataifa mtandaoni uliozaliwa humo ndio wanaounukuu wanasheria mpaka leo. Nchi ndogo ya watu milioni moja na ushei ikageuza fedheha yake kuwa sauti duniani. Mimi huona hilo ni jibu lenye faida kuliko kombora.

Kati ya kunyamaza na kupiga, kuna ngazi nyingi, na mwanao atafanya vyema akizisoma. Albania ilipovurugiwa mifumo ya serikali Julai 2022 ilichunguza, kisha Septemba 7 ikavunja uhusiano na Iran na kuwapa wanadiplomasia wake saa 24 waondoke. Nchi ilivunja ubalozi kwa sababu ya kompyuta, bila risasi kulia. Lakini tazama nani alichunguza: FBI ya Marekani na Microsoft. Albania iliamini walichoambiwa, na labda walichoambiwa kilikuwa sahihi kabisa. Hata hivyo uamuzi mzito kuliko wote katika diplomasia uliegemea ushahidi uliokusanywa na dola nyingine, yenye ugomvi wake na Iran, pamoja na kampuni moja ya biashara.

Hili ndilo linaloninyima usingizi kuhusu nchi zetu, kuliko kuzimika kwa tovuti. Nchi isiyo na watu wake wa kuchunguza huazima macho ya mwingine, na anayekuazima macho huchagua ulichokiona. Leo akikuambia ni Mchina, utaamini ni Mchina. Kesho mwingine atakuletea faili lenye jina la Mmarekani. Januari 2018 gazeti la Le Monde liliandika kwamba data za makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, jengo ambalo China ilitujengea na kulikabidhi mwaka 2012, zilikuwa zikisafirishwa Shanghai kila usiku wa manane. China ilikana, na viongozi wetu wakakana pia. Mei 2023 Reuters nayo ikaripoti kuwa wadukuzi wa Kichina walizichokoa wizara za Kenya kwa miaka, wakitafuta habari za deni. China ikakana tena. Mwananchi wa kawaida afanyeje? Anaachwa achague amwamini nani kwa kadiri ya anavyozipenda China au Marekani, kwa sababu hakuna chombo cha Kiafrika kilichosimama na kusema: tumechunguza wenyewe, na ushahidi ni huu.

Uone pia kwamba huo upelelezi wa kimya, kama ulikuwapo, ni mzito kuliko kelele za Julai. Anayekaba mlango anataka umwone. Anayesoma barua za wizara ya fedha usiku kabla ya mazungumzo ya deni hataki ujue kabisa, na akifanikiwa mtakaa mezani yeye akijua bei yenu ya mwisho.

Kenya ingeweza kufanya nini, basi? Kulipiza kwa kushambulia ni njia mbovu. Ungempiga nani? Seva walizokodi ziko nchi za watu wasiohusika. Kulalamika hadharani kwa kutaja jina kunafaa pale tu ushahidi unapobeba uzito, na unapokuwa na marafiki watakaosimama nawe. Njia ya chini chini, kwa simu kati ya wizara na wizara, haisifiwi magazetini lakini mara nyingi ndiyo inayofanya kazi, na tangu 2024 Umoja wa Mataifa una orodha ya watu wa kupigiwa wa nchi mbalimbali kwa ajili ya dharura kama hizi. Kenya si mgeni kwenye meza hiyo. Ilikuwa miongoni mwa nchi 20 ambazo wataalamu wake walikubaliana mwaka 2015 juu ya kanuni za mwenendo wa nchi mtandaoni, mojawapo ikiwa kutoruhusu ardhi yako itumike kuwadhuru wengine na nyingine kutoharibu miundombinu muhimu ya raia wa nchi nyingine.

Na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulitoa msimamo wa pamoja juu ya sheria za kimataifa mtandaoni, ambao namwomba mwanao ausome wote. Ndani yake Afrika inasema kuingia bila ruhusa kwenye mifumo ya serikali ya nchi nyingine ni kuvunja mamlaka ya nchi hiyo, hata kama hakuna kilichovunjika. Uingereza, kwa mfano, haikubali hivyo. Kwake yeye mamlaka ya nchi ni msingi wa jumla, na haitoshi kuwa kanuni inayosimama peke yake mtandaoni. Usione ni ubishi wa maneno. Mwenye uwezo wa kudukua anataka mstari uwekwe mbali, na mwenye kudukuliwa anautaka karibu. Msimamo wa Afrika ninauunga mkono kwa moyo wote, ila utabaki karatasi kama hatutaweza kuthibitisha nani aliuvuka mstari.

Kwa hiyo, kati ya yote, fedha zangu ningeziweka kwa vijana wa kuchunguza na kwa kutawanya mifumo. Huduma 5,000 kupita mlango mmoja ni raha siku ya amani. Siku ya fujo, anayekaba mlango huo mmoja amekaba nchi. Kuna kisa kimoja ninachowasimulia wanafunzi kila mwaka. Juni 27, 2017 kirusi cha NotPetya, ambacho baadaye Marekani na Uingereza zilisema ni kazi ya jeshi la Urusi, kilitupwa Ukraine kupitia programu ya kodi. Kikavuka mipaka, kikaikumba kampuni ya meli ya Maersk, na bandari nyingi duniani zikasimama. Seva kuu zenye orodha ya mfumo mzima zilifutika karibu zote. Iliyopona ilikuwa moja, katika ofisi yao ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika ikawa imezimwa wakati kirusi kinapita. Mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza, ikabidi asafiri mpaka Nigeria akamkabidhi mwenzake diski uwanjani, naye akapanda ndege nayo hadi London. Shirika kubwa namna ile liliokolewa na nakala moja iliyokuwa nje ya mtandao. Nilipoona swali lako lina kompyuta sita, nilikumbuka kisa hicho.

Maana sasa ni zamu yako. Hakuna dola inayoiwinda saiba yako. Utakachopata ni mabaki: huduma kuzimika, na matapeli wanaokuja nyuma ya kuzimika. Serikali ikitangaza hitilafu, siku hiyo hiyo watu hupigiwa simu na "ofisa wa eCitizen" anayeomba neno la siri au tarakimu za uthibitisho zilizotumwa kwenye simu. Waambie wateja wako kwamba hakuna ofisa wa kweli anayeomba hizo. Weka daftari la karatasi lenye jina, huduma na saa uliyojaribu, umpe mteja risiti iliyoandikwa hivyo, ili tarehe ya mwisho ikimpita awe na cha kuonyesha.

Halafu kuna tabia iliyoenea kwenye saiba nyingi, nami nakuomba uiache kama unayo: kumfungulia mteja akaunti kwa barua pepe ya saiba na neno la siri lilelile kwa wote. Unamfanyia wepesi, najua, hasa mzee asiye na barua pepe. Lakini siku mtu akilijua neno hilo moja amewashika wote, na utakayeulizwa ni wewe. Mfungulie kwa namba yake ya simu, achague neno lake, mwandikie kwenye karatasi aondoke nayo.

Ukiona kitu zaidi ya kuzimika, yaani mafaili yamefungwa na kuna ujumbe unaodai pesa, au mteja anakuambia akaunti yake imetumiwa, hapo usihangaike peke yako na majibu ya mtandaoni kama hili langu. Chomoa waya wa intaneti, usifute chochote, usimruhusu fundi apige upya kompyuta kabla ushahidi haujatazamwa. Toa taarifa kwa KE-CIRT, kitengo cha Mamlaka ya Mawasiliano kinachopokea ripoti za mashambulizi, na uende DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ukiwa na picha za ulichokiona. Kama vitambulisho vya watu vimetoka, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Ulinzi wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ujue, pale penye hatari ya kweli kwa wenye data, kwa hiyo mwone wakili mapema, siku ya kwanza. Msomaji wangu wa Tanzania mwenye shida kama hii aanzie TZ-CERT, kitengo cha aina hiyo hiyo huko, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kuhusu ile folda: ya kazi iliyokwisha, ifute yote, pamoja na iliyo kwenye pipa la taka la kompyuta na kwenye simu ulizopokelea WhatsApp. Ya kazi inayoendelea, ihamishe kwenye diski ya nje, na diski hiyo ikae droo ya kufungwa, imechomolewa, mpaka mwenye kitambulisho arudi.